Mashine Iliyowaka Bila Kuamka

Tulirudi Kadutu, mtaani kwetu, kutoka matanga ya koko siku ya manyunyu, na kabla hata ya kunawa matope ya njia nilikwenda moja kwa moja kwenye kabati kutoa kompyuta. Koko ndivyo tunavyomwita bibi kwetu Bukavu. Kompyuta ilikuwa imefungwa ndani ya kitenge cha mama, vilevile nilivyoiacha. Niliiweka mezani, nikachomeka waya ukutani, nikainua kifuniko chake.

Ilikuwa miaka ya mwisho mwisho ya Zaire. Mashine za aina ile, za kukunja kama sanduku na kubeba mkononi, zilikuwa chache mjini kiasi kwamba mwenye nayo alijulikana. Hii ilikuwa ya tonton, yaani mjomba, mdogo wa mama, mfanyabiashara aliyeleta mchele kutoka Kamanyola. Aliinunua kwa Mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao, akaiweka sebuleni wiki kadhaa ili wageni waione, kisha akaniambia, "Chukua wewe unayesoma. Mimi mahesabu yangu iko mu kichwa." Ilikuwa nzito kama jiwe la kusagia. Betri yake kubwa ilikwisha kufa zamani, kwa hiyo ilifanya kazi ikiwa tu imechomekwa kwenye umeme. Lakini kwangu ilikuwa utajiri. Nilikuwa mwaka wa mwisho wa masomo ya juu, na memwari yangu yote, yaani lile andiko ambalo mwanafunzi hulitetea mbele ya maprofesa kabla ya kupewa shahada, ilikuwa ndani yake.

Niliandika juu ya maharage na udongo. Watu walicheka nilipowaambia. Ila Nyantende, kijijini kwa mama, wanawake wana jina kwa kila haragwe na kwa kila aina ya ardhi, na wanajua lipi linapendana na ipi, na lipi unalipanda ukishaona mvua imechelewa. Jumamosi nyingi nilikwenda kuwasikiliza nikiwa na kinasa sauti cha kuazima. Kaseti zilikuwa adimu. Nilikuwa nazo chache tu, kwa hiyo nilirekodi, nikarudi mjini, nikasikiliza na kuandika neno kwa neno kwenye kompyuta, kisha nikarekodi juu ya sauti ileile wiki iliyofuata. Sura mbili za mwanzo nilikuwa nimezinakili kwenye disketi. Sura ya tatu ilikuwa ndani ya mashine peke yake, na sura ya tatu ilikuwa koko tupu. Nilimwacha aseme atakavyo, akasema kuanzia asubuhi hadi ng'ombe waliporudi, akipepeta maharage kwenye ungo na kunitajia moja baada ya jingine.

Baadaye kabine ya umeme ya mtaa wetu, ile yenye transfoma, iliungua, tukakaa gizani majuma mengi. Umeme ulikuwa haujarudi koko alipougua. Tulikwenda kumuuguza, tukamzika, tukabaki kwenye matanga. Wakati wote huo nilikuwa najiambia kwamba sauti yake iko salama kabatini, ndani ya kitenge. Ndiyo maana, tuliporudi tukakuta umeme umewaka tena, sikuweza kungoja hata kunawa.

Nikabonyeza swichi. Taa ya kijani iliwaka. Kioo kikapata mwanga wake wa buluu, namba zikakimbia kwenye kona ya juu kama kawaida, mashine ikalia mlio wake mmoja mfupi. Nikatabasamu. Halafu, badala ya kufunguka, ilitoa mstari wa Kiingereza ambao sikuwahi kuuona. Kiingereza changu kilikuwa cha shuleni, lakini kilitosha kuelewa: diski haina mfumo, badilisha, kisha bonyeza kitufe chochote. Nikabonyeza. Mstari uleule. Nikazima, nikawasha. Mstari uleule. Nilifanya hivyo mara nyingi, kisha nikakaa chini sakafuni na kulia, na kwa kweli sijui kama nilimlilia koko au sura ya tatu. Nadhani wakati ule vilikuwa kitu kimoja.

Dada yangu mkubwa, ninayemwita yaya, ndiye aliyenikuta. Alikuwa muuguzi, na miaka ya kukaa kwenye chumba cha wagonjwa mahututi ilimpa sauti ya mtu asiyeshtuka. Hakuuliza nalia nini. Alitazama meza.

"Imekufa?"

"Imekufa, yaya."

"Nani amesema? Taa inawaka."

"Inawaka, lakini haiamke."

Alivua koti lake la mvua, akaburuta kiti, akaketi mbele ya mashine kama anavyoketi mbele ya mgonjwa. "Basi haijakufa," alisema. "Kwanza uniambie inafanya nini. Usiniambie haifanye nini."

Lile swali lilinisaidia zaidi ya pole zote nilizopewa wiki ile. Nilifuta macho, nikaanza kuhesabu. Taa inawaka, kwa hiyo umeme unaingia. Kioo kinaonyesha maandishi, kwa hiyo kioo kizima. Namba zinakimbia, zile ni kumbukumbu yake ikijikagua, na inafika mwisho bila kulalamika. Kitufe nikibonyeza inajibu. Dada aliinama, akaweka sikio lake ubavuni mwa mashine, akafumba macho.

"Kuna kitu inazunguka ndani," alisema. "Sikia."

Nikaweka sikio. Kweli, kulikuwa na mvumo mdogo ulionyooka, bila kukwaruza.

"Hiyo ndiyo diski," nikasema. "Ndimo kuna maneno ya koko."

"Inazunguka muzuri?"

"Muzuri."

"Basi tusizike mutu ambaye anapumua."

Nilitazama pia kwenye mdomo wa disketi, kwa maana nilishawahi kusikia kwamba ukisahau disketi mle mashine hukwama vilevile. Hakukuwa na kitu. Nikapuliza vumbi, nikawasha tena, na mstari wa Kiingereza ukarudi.

Kesho yake tonton alifika, na hakuja peke yake. Alikuja na rafiki yake, fundi wa mashine za ofisini, mwanamume mpole aliyevaa vizuri, mwenye begi la ngozi lililojaa vifaa. Alitengeneza mashine za kuandikia na za kurudufu kwa karibu ofisi zote za mjini, na sina ubaya wa kusema juu yake. Aliwasha, akasoma, akatikisa kichwa.

"Diski ndiyo imelala," alisema. "Madamuazeli, hapa kuna dawa moja. Tuifomati, tuweke mfumo mupya, itaamka kama siku ya kwanza."

Tonton alifurahi. Alishaanza kuagiza chai. Dada, aliyekuwa amesimama mlangoni akijiandaa kwenda kazini, alimuuliza fundi, "Papa, kufomati maana yake nini?"

"Ni kuipangusa, maman. Inabaki safi."

"Na kenye kiko ndani?"

Fundi alinyanyua mabega kwa huruma. "Kenye kiko ndani kinaenda."

Tayari alikuwa ameingiza disketi yake na kidole kiko juu ya swichi. Dada alivuka chumba, akachomoa waya ukutani, akafunga kifuniko, akaibeba mashine kifuani kama mtoto. Alisema kwa adabu kabisa, "Aksanti sana, papa. Chai inakuja. Lakini hii hatuipanguse."

"Sasa mutafanya nini?" tonton aliuliza. "Mutaiweka mu kabati muiangalie?"

"Tonton," nikasema, na nilishangaa kusikia sauti yangu ilivyokuwa imara, "pamoja na hii mashini ulipewa kiboksi cha madisketi. Kiko wapi?"

Alikuwa amekisahau. Kilikuwa nyumbani kwake, chini ya kitanda, ndani ya plastiki ambayo haijafunguliwa. Alinipa siku ileile, akinung'unika kidogo, na fundi akanitakia bahati njema kwa moyo mweupe.

Jumapili baada ya misa tuliketi mezani wawili, mimi na dada. Mvua ilipiga mabati, umeme ulikuwepo, na dada hakuwa na zamu. Nilichagua disketi ya kwanza kwenye kiboksi, ile yenye mfumo wenyewe. Wazo langu lilikuwa hili: kama mashine inakataa kuamka kwa diski yake ya ndani, tuiamshe kwa disketi ya nje, angalau tuweze kuingia na kuchungulia. Niliingiza, nikawasha. Namba zikakimbia, mlio ukalia, kisha disketi ikaanza kukoroma, kruu, kruu, kruu. Na mashine ikaamka.

"Eeh!" dada alisema.

"Ngoja, yaya. Iko nje ya nyumba bado. Haijaingia."

Niliandika amri ya kwenda kwenye diski ya ndani. Ikajibu kwamba diski hiyo haipo. Haikusema imeharibika, wala haisomeki. Ilisema haipo. Tulikuwa tunasikia mvumo wake, na mashine inatuambia haipo! Nikazima na kuwasha upya ili nijaribu tena, na safari hii dada ndiye aliyeona kitu. Kabla ya kutuachia nafasi ya kuandika, mashine huonyesha tarehe na kuuliza kama ni sahihi. Mimi nilikuwa nabonyeza tu bila kusoma, kama kila siku.

"Simama," alisema. "Hii tarehe ni weye ulitia?"

"Hapana. Inajitia yenyewe."

"Inasema tuko mwaka gani?"

Nikasoma. Ilikuwa Januari mosi, mwaka elfu moja mia tisa na themanini. Mwaka ule mimi nilikuwa naruka kamba kwenye uwanja wa shule ya msingi, na mashine hii ilikuwa haijatengenezwa.

Dada aliegemea kiti, akaanza kucheka polepole. "Mugonjwa akizimia kisha akafungua macho," alisema, "tunamuuliza leo ni siku gani. Akikosa, hatuseme amekufa. Tunasema bado hajajirudia. Hii yako imesahau mwaka. Sasa utafute: ni kitu gani ingine imesahau?"

Halafu nikakumbuka kwamba kila ninapoiwasha, chini kabisa ya kioo hupita mstari mdogo unaosema bonyeza kitufe fulani ukitaka kupanga mashine. Mwaka mzima niliuona na sikuwahi kuwa na sababu ya kuutii. Nikazima, nikawasha, nikabonyeza kitufe hicho haraka.

Kioo kikajaa jedwali. Saa: si sahihi. Tarehe: si sahihi. Kumbukumbu: sawa. Mlango wa disketi: upo. Na mbele ya diski ya ndani kulikuwa na neno moja fupi la Kiingereza: hakuna.

"Yaya," nikasema. "Haijue kama iko na diski."

Sasa naweza kueleza vizuri kilichotokea, kwa sababu nilikuja kukisoma baadaye. Ndani ya mashine zile kulikuwa na betri nyingine, ndogo kama haragwe lenyewe, iliyokaa macho wakati mashine imelala. Kazi yake ilikuwa kutunza saa, tarehe na maelezo ya diski. Ilijishibisha yenyewe kila mashine ilipochomekwa. Majuma yale ya giza, na baadaye ya matanga, haikupata kitu. Ilinyauka, na ilipozimika mashine ikasahau yote. Diski haikuwa na kosa lolote. Ilikuwa inazunguka mle ndani na mali yangu yote, inangoja kuitwa.

Siku ile hatukujua habari za betri. Tulijua tu kwamba mashine inataka kuambiwa ina diski ya aina gani. Nilipofika kwenye lile neno na kubonyeza mshale, zilianza kupita aina nyingi, moja baada ya nyingine, kila moja na namba zake: ina njia ngapi za kuandikia, ina vichwa vingapi vya kusomea. Zilikuwa nyingi, na sikujua ipi ni yetu.

"Mu hospitali, kila chupa iko na etiketi," dada alisema. "Hii haina?"

"Labda diski yenyewe iko na yake. Lakini iko ndani."

Dada akaenda chumbani kwake, akarudi na bisibisi ndogo ya cherehani, kibanio chake cha kazini na sahani ya bati. Nilichomoa waya. Tuligeuza mashine kifudifudi juu ya kitenge. Yeye alifungua skrubu, mimi nilizipanga kwenye sahani kwa umbo lilelile zilivyokaa mgongoni mwa mashine, ili kila moja ijue kwake. Mama alichungulia kutoka jikoni, akaona mashine ya ndugu yake imefunguliwa tumbo, akajishika kichwa.

"Munaua kitu ya wenyewe!"

"Maman, tunasoma jina tu," dada alijibu bila kuinua macho.

Kifuniko kilitoka. Ndani kulikuwa na mpangilio wa kupendeza, kama mji unaoutazama kutoka juu ya kilima. Diski ilikuwa kona ya kushoto, kisanduku cha chuma kinachoenea kiganjani, na juu yake, kwa furaha yangu, karatasi nyeupe iliyobandikwa yenye namba za chapa ndogo. Nilisoma kwa sauti, dada akarudia, nikasoma tena. Sikugusa kitu. Tulirudisha kifuniko na skrubu zote, na hakuna hata moja iliyobaki bila mahali, jambo ambalo dada alilisifia kuliko yote yaliyofuata.

Tukawasha. Nikaingia kwenye jedwali, nikaanza kushuka. Nilipata aina yenye vichwa sawasawa na vyetu na njia zinazokaribiana, na kwa pupa nikaichagua. Mashine ikajaribu kuamka. Ndani pakasikika tak, tak, tak, kama mtu anayegonga mlango asioujua. Nilizima kwa haraka hata nikaumiza kidole.

"Si yenyewe," nikasema.

"Namba ilikuwa sawa?"

"Ilikaribia."

"Dawa haikaribie," dada alisema. "Ni yenyewe ao si yenyewe. Shuka tena, pole pole."

Nikashuka tena. Nilisoma kila mstari hadi mwisho kabla ya kwenda kwenye ule wa chini yake. Mvua ilikuwa imekatika, nikasikia majirani wanaanika tena nguo. Karibu na mwisho wa orodha macho yangu yalisimama. Njia, vichwa, vyote, hakuna tofauti hata ya namba moja. Nilimwonyesha dada kwa kidole. Alilinganisha na alichokuwa amekariri, akaitikia kwa kichwa. Nikachagua. Nikaweka na tarehe ya siku ile, kwa sababu niliona si haki kuiacha kwenye mwaka wa themanini. Nikahifadhi.

Mashine ikajizima na kujiwasha. Namba zikakimbia. Mlio. Kisha taa ndogo ya diski, ambayo siku zote hizo ilikuwa kama jicho lililofumba, ikaanza kupepesa. Ikapepesa, ikapepesa, mistari ikaanza kumiminika kwenye kioo kutoka juu hadi chini, na mwisho ikatulia ile alama niliyoizoea, ikiniuliza nataka nini.

Nilipiga kelele ambayo mama alidhani nimepigwa na umeme. Dada alisimama na kiti kikaanguka nyuma yake. Tulikamatana mikono, tukazunguka katika kile chumba kidogo tukigonga kabati na ukuta, na mama, alipoelewa, aliachia kigelegele ambacho majirani wa juu na wa chini ya mlima walikijibu bila kujua tunashangilia nini. Ndivyo Kadutu ilivyo. Nyumba zimekaa juu ya mabega ya nyingine, na furaha haina pa kujificha.

Na papo hapo umeme ukakatika.

Kioo kilikuwa cheusi. Umeme ulirudi baada ya muda mfupi, nikawasha, na mashine ikasema tena ule mstari wake: diski haina mfumo. Tarehe, Januari mosi, mwaka wa themanini.

Dada alicheka hadi akashika mbavu. "Iache isahau," alisema. "Siye hatujasahau."

Safari hii ilinichukua muda wa kunywa maji. Niliingia, nikashuka moja kwa moja hadi kwenye aina yetu, nikachagua, nikahifadhi, ikaamka. Ningeweza kufanya hivyo nimefumba macho. Hofu yote ilikuwa imetoka mwilini. Ningekuwa tayari umeme ukatike mara mia.

Nilifungua sura ya tatu. Ilikuwepo nzima, tangu neno la kwanza. Dada hakuwahi kuisoma. Alivuta kiti karibu, akasoma kimya, midomo ikitembea. Koko alikuwa anaeleza juu ya haragwe lenye madoa mekundu, kwamba ni la kupewa mwanamke aliyetoka kujifungua, halafu katikati ya maelezo anamfukuza kuku, na mimi nilikuwa nimeandika hata kuku. Dada akacheka na machozi yakamtoka kwa pamoja. "Ni yeye," alisema. "Ni yeye kabisa. Hata kuku."

Jioni ile nilinakili kila kitu kwenye disketi, mbili kwa kila sura, nikampa dada fungu moja akalitunze kwenye kabati lake la kazini. Mashine tuliiacha imechomekwa. Umeme ulikaa, kwa neema, usiku huo na siku iliyofuata, na ile betri ndogo ikashiba. Nilipoiwasha baada ya hapo ilijua mwaka, ikajua diski yake, ikafunguka bila kuulizwa. Nilimpelekea tonton habari mwenyewe. Alikuja na fundi, nikawaeleza hatua kwa hatua. Fundi aliinama kwenye lile jedwali kwa muda mrefu, akauliza maswali mazuri, kisha akanipa mkono na kuutikisa kama anavyompa fundi mwenzake. Tonton aliangalia mkono ule, akaniangalia mimi, akasema kwamba mashine sasa ni yangu, kwa sababu yeye hangeweza kuishi na kitu ambacho mpwa wake amekiona utumbo.

Memwari ilichapwa kwenye ofisi moja ya jirani na ziwa, kwa mashine ya kuchapa iliyopiga kelele kama cherehani kumi, karatasi zikitoka zimeshikana moja kwa nyingine na mimi nikizikata kwa rula. Siku ya kutetea, ukumbi wa chuo ulikuwa na watu ambao haukuwazoea. Wanawake wa Nyantende walikuja, wamevaa vitenge vyao vya sikukuu, wengine na vikapu, wakaketi safu za mbele kabisa, zile ambazo wanafunzi huziogopa. Niliposoma kurasa za koko, sikuzisoma kwa sauti ya chuo. Nilizisoma alivyozisema, na niliposema "toka hapa, we kuku!" ukumbi mzima ulicheka, hata profesa aliyekuwa mkali kuliko wote.

Huyo ndiye aliyeuliza swali la mwisho. "Huyu shahidi wako wa sura ya tatu. Naweza kumuona?"

"Alitutoka, profesa," nikasema. "Lakini kila neno alilosema liko humu."

Alifunga nakala yake taratibu, akaiwekea mkono juu. Maprofesa walitoka kushauriana, wakarudi, wakasema nimefaulu kwa sifa kubwa. Sikusikia yaliyofuata. Mama alikuwa ameshaanza kigelegele, na wanawake wa safu ya mbele wakamwitikia, na dada, aliyekuja na sare yake ya kazi kwa sababu zamu ilikuwa inamngoja, alikuwa amepanda juu ya benchi.

Tulikula nyumbani, Kadutu, wote tuliotosha ndani na wengine kwenye ngazi za nje. Kulikuwa na ugali, samaki, na sufuria kubwa ya bishimbo, maharage ya Nyantende yaliyochanganywa aina zote. Mmoja wa wale wanawake, rafiki wa koko tangu usichana, hakujua kusoma, akaniomba nimsomee sura ya tatu yote huku tukila. Nilipofika kwenye haragwe jeusi, alinisimamisha kwa mkono.

"Hapana. Ile haipandwe mu udongo mwekundu. Alikudanganya."

"Koko hakudanganya!" mwingine akaruka. "Kwake ilitoka muzuri sana!"

"Kwake ilitoka juu ya mbolea ya ng'ombe zake, si juu ya udongo! Nilimwambia, akakataa. Mutu wa kichwa ngumu!"

Wakabishana, wengine upande wa koko, wengine dhidi yake, vidole vinaelekezana juu ya sahani, kana kwamba yeye mwenyewe ameketi pale kati yao na bado hataki kushindwa. Dada alinisukumia kalamu.

"Andika," alisema. "Andika haraka, banasema yote mara moja."